Jinsi ya Kupumzika Kisheria Bila Kulala: Mwongozo kwa Dereva Mpya wa Lori Marekani

Hongera kwa kupata CDL, leseni ya kuendesha malori makubwa. Tangu tarehe 7 Februari 2022, serikali ya Marekani inamtaka kila anayeomba leseni hiyo kwa mara ya kwanza apite kwa mkufunzi aliyesajiliwa, ila haikusema akae nyuma ya usukani kwa saa ngapi. Mkufunzi akiona umeiva, umeiva. Majimbo mengi ya nchi hiyohiyo humdai mtengeneza nywele saa 1,000 au zaidi za mafunzo kabla hajaruhusiwa kugusa kichwa cha mteja. Wewe umekabidhiwa tani 36 na barabara kuu. Usitafute mantiki, nywele zikiharibika, mwenyewe hurudi kulalamika.

Kilichobaki ni suala dogo la saa. Tangu miaka ya 1930 Marekani imekuwa na kanuni za saa za kazi na mapumziko ya madereva wa malori, na anayezisimamia leo ni FMCSA, mamlaka iliyo chini ya Wizara ya Usafirishaji. Mwongozo huu utakufundisha kuzitii zote, moja baada ya nyingine, na bado ubaki na macho mekundu. Inawezekana kabisa, tena ni rahisi kuliko kurudisha trela nyuma.

Namba unazijua, maana ulizikariri usiku wa kuamkia mtihani. Ukishapumzika saa 10 mfululizo, unaruhusiwa kuendesha saa 11. Saa hizo 11 ziishe ndani ya saa 14 tangu ulipoanza kazi. Ukiendesha jumla ya saa 8 bila kuacha usukani, unadaiwa dakika 30 za kuuacha. Kampuni inayofanya kazi siku zote za wiki inakupa saa 70 za kazi katika siku 8. Zikiisha husogezi lori mpaka saa za nyuma zianguke, au ukae saa 34 mfululizo bila kazi uanze hesabu upya. Basi. Hakuna namba nyingine ya kukuumiza kichwa, isipokuwa zile zinazozibadilisha hizi.

Dereva aliyetoka kwetu Afrika Mashariki akisikia 11 hutabasamu. Sheria ya Trafiki ya Kenya haimruhusu dereva wa gari la biashara avuke saa 8 katika saa 24, na aliyewahi kukatiza Salgaa usiku wa manane anajua sheria hiyo ilikuwa imelala wapi. Marekani hawakutaka unafiki. Walikuandikia 11 waziwazi, kisha wakafunga kifaa cha kuzihesabu. Kifaa hicho tutakifikia.

Kwanza elewa nani analipia saa ipi, kwa sababu ndipo elimu yote ya kutolala inapoanzia. Mfanyakazi wa kiwandani akivuka saa 40 kwa wiki, sheria ya mwaka 1938 inamdai mwajiri amlipe mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi. Dereva wa lori kubwa anayevuka majimbo aliachwa nje ya kifungu hicho, na mpaka leo yuko nje, anasubiri kufunguliwa mlango. Kwako wewe saa ya 41 ina bei ileile ya saa ya kwanza. Na kwa kuwa wengi wenu mnalipwa kwa maili, saa uliyosimama haina bei kabisa. Sheria inahesabu saa, tajiri anahesabu maili, nawe umekaa katikati na kikombe cha kahawa. Usimlaumu yeyote. Kila mmoja anahesabu kwa uaminifu.

Wiki zako za kwanza huenda ukapangwa na dereva mkufunzi. Katika kampuni nyingi kubwa mafunzo hayo hugeuka kuwa kazi ya watu wawili: mmoja anaendesha, mwingine amelala kitandani nyuma, lori halisimami. Ni mpango mzuri wa biashara, kwa kuwa gari moja linatumia saa za watu wawili. Utaona tu kwamba saa ambazo wewe, usiyejua kitu, unashika usukani, ndizo saa ambazo yeye, anayejua, anakoroma. Na zamu yake ikifika, wewe unajilaza kwenye kitanda kinachorushwarushwa kwa mwendo wa maili 65 kwa saa, huku kila breki ikikuuliza kama umeandika wosia. Kwenye kumbukumbu utasomeka uko kitandani, na kitandani kweli upo.

Ukishaachiwa lori peke yako, utakutana na ghala. Hapo ndipo zile saa 14 zinapoonyesha tabia zake. Saa 11 za kuendesha zina adabu: ukisimama, nazo zinasimama. Saa 14 hazimsubiri mtu. Tuseme umeanza kukagua lori saa 12 asubuhi, matairi, breki, taa, mafuta. Saa 2 asubuhi umefika kupakia. Mlinzi anakuandika, anakwambia upaki pale, usubiri simu. Simu inaita saa 8 mchana. Umeendesha chini ya saa 2, kwa hiyo sheria bado inakupa zaidi ya saa 9 za kuendesha. Lakini dirisha lako la saa 14 linafungwa saa 2 usiku, yaani baada ya saa 6. Zaidi ya saa 3 zimekwenda, na waliozichukua ni watu wa ghala, ambao hawana leseni ya kunyang'anywa.

Malipo ya kusubiri yapo, usije ukasema umedhulumiwa. Kwa desturi huanza baada ya saa 2 za mwanzo, ambazo ni sadaka yako kwa ghala. Ili uyapate, dalali wa mzigo atataka karatasi inayoonyesha muda wa kuingia na wa kutoka, iliyosainiwa na mtu yuleyule aliyekuchelewesha.

Mjanja mmoja kwenye kituo cha malori atakwambia ugawe kitanda. Ni kweli, kanuni inaruhusu. Zile saa 10 za mapumziko zinaweza kukatwa vipande viwili: kimoja kisichopungua saa 7, ukiwa kwenye kitanda cha lori, na kingine kisichopungua saa 2, kitandani au popote nje ya kazi, mradi jumla ifike 10. Vikishaoana, vipande hivyo haviliwi na zile 14. Kwa hiyo saa zako 6 za ghalani zingeweza kuokolewa. Ila hesabu yake inataka kichwa cha kugawa mirathi ya mzee aliyeacha wake watatu, nyumba moja na deni. Kila kipande kinahesabiwa tangu mwisho wa kile kilichotangulia. Ukikiharibu cha pili, cha kwanza nacho hakikufai, na unagundua leo kwamba jana ulivunja sheria ukiwa na furaha tele. Isitoshe, kipande cha ghalani lazima kiwe cha mfululizo, umeachiwa kabisa, hakuna anayekutuma. Ghala nalo linalijua hilo. Ndiyo maana baada ya saa moja na dakika 40, usingizi ndio kwanza unakolea, mtu anagonga mlango: sogeza lori, mlango wa 42. Umesogea mita hamsini. Anza kuhesabu upya.

Mapumziko ya dakika 30 ni somo jepesi. Mpaka mwaka 2020 ulitakiwa uwe nje ya kazi kabisa. Tangu tarehe 29 Septemba mwaka huo inatosha kwamba huendeshi. Unaweza kupumzika kwa kujaza dizeli, kupumzika kwa kukaza mikanda ya mzigo, kupumzika kwa kuzozana na karani wa ghala. Dereva mwenye nidhamu anaweza kupumzika namna hii mwaka mzima bila kukaa chini.

Mapumziko makubwa ya saa 34 yamewahi kuonja heshima kwa muda mfupi. Julai 2013 serikali ilitaka yabebe ndani yake usiku wa siku mbili, kila usiku kuanzia saa 7 mpaka saa 11 alfajiri, kwa sababu watafiti walikuwa wamegundua jambo ambalo kila mama mwenye mtoto mchanga analijua, kwamba binadamu hulala usiku. Matajiri wakapiga kelele: madereva wote wakilala usiku, asubuhi wote wataingia barabarani pamoja na wenye magari madogo. Desemba 2014 Bunge likalisimamisha sharti hilo, likiwa limechomekwa ndani ya sheria ya bajeti. Leo ukifunga kazi saa 11 alfajiri ya Jumamosi baada ya kuendesha usiku kucha, saa 9 alasiri ya Jumapili wewe ni mtu mpya kwa mujibu wa sheria, una saa 70 safi. Mwili wako, uliopata usiku mmoja tu wa kulala, haukushirikishwa kwenye mswada.

Sasa kile kisanduku cha kuhesabu saa. Zamani saa ziliandikwa kwa kalamu, na dereva mwenye akili alikuwa na madaftari mawili, moja la askari na jingine la ofisi. Desemba 2017 biashara hiyo ilianza kufa: malori mengi yalilazimishwa kufunga ELD, kifaa kinachozungumza na injini moja kwa moja. Lori likifika mwendo wa maili 5 kwa saa, kinaandika unaendesha. Likitulia dakika 5, kinakuuliza kama bado uko safarini. Usipojibu kwa dakika moja, kinakuandika uko kazini. Na muda wa kuendesha ambao kifaa kimejiandikia chenyewe haupunguzwi na mtu, si wewe, si ofisi.

Usikate tamaa, njia zipo. Ya kwanza ni kununua lori lenye injini ya kabla ya mwaka 2000, ambalo kanuni imelisamehe kifaa. Utaandika kwa kalamu utakavyo, na muda wa kuandika utakuwa nao mwingi, maana utakuwa kando ya barabara ukimngoja fundi.

Ya pili ni dereva hewa. Sisi tuliotoka nchi zenye wafanyakazi hewa hatuhitaji kufundishwa hili. Saa zako 11 zikiisha, unajitoa kwenye kifaa na kuingia kwa jina la mwenzako aliyeko Nairobi kwenye harusi. Kifaa hakina macho, kitakubali. Tabu ni mkaguzi wa mizani, ambaye anayo. Ataomba kumbukumbu za leo na za siku 7 zilizopita, ataona lori lina madereva wawili, atachungulia kitandani na kukuta blanketi na katoni ya maji. Mwambie mwenzako ameshuka kununua kahawa. Omba Mungu asiseme atamsubiri.

Kuna pia safari binafsi, yaani kuliendesha lori kwa shughuli zako ukiwa nje ya kazi, kama kwenda kutafuta chakula au mahali pa kulala. Kanuni inaikubali, hata ukiwa na mzigo. Haikubali tu kwamba mahali pako pa kulala kila usiku pawe maili 90 mbele, upande uleule unaokwenda mzigo. Na kuna saa 2 za nyongeza kwa hali mbaya ya barabara, ukungu au theluji iliyokukuta bila taarifa. Hapa wengi huponzwa na kiherehere. Theluji ya Januari katika barabara ya I-80 huko Wyoming, ambayo redio imeitangaza tangu juzi, haiwezi kukukuta bila taarifa. Foleni ya jioni ya Los Angeles ndiyo kabisa, hiyo haijawahi kumshtua mtu.

Mbinu hizi zote huishia kwenye amri moja: ukibainika umevuka saa, mkaguzi anakusimamisha palepale saa 10. Ni mapumziko ya uhakika kuliko yote utakayowahi kupewa. Wako madereva wanaokiri kwamba hawajawahi kulala vizuri kama siku waliyokamatwa.

Mpaka hapa nimemsema sana mkaguzi na ghala. Lakini anayejua kukukosesha usingizi barabara ni yule mliyetoka naye nyumbani. Waswahili, Wakenya, Wakongo, Warundi wengi wa Marekani huanza kazi kwenye kampuni ndogo ya mtu wa kwao, malori matatu au manne, ofisi ikiwa ni simu yake. Kifaa cha ELD kinachopokea ujumbe wa ofisi kinatakiwa kiweze kunyamazishwa ukiwa kitandani. Simu yako haikutajwa. Saa 3 usiku inaingia sauti ya WhatsApp:

“Mdogo wangu, mzigo wa Dallas unatakiwa alfajiri. Umefika wapi?”

“Shikamoo kaka. Niko Amarillo. Saa zangu zimeisha.”

“Zimeisha vipi, na wewe kijana?”

“Zimebaki dakika 20, kaka. Natafuta pa kupaki.”

“Sikia. Nani alikupokea uwanja wa ndege? Nani alikupa chumba? Mimi sikulazimishi. Nakuomba kama ndugu.”

Isikilize mara mbili sauti hiyo, ni kazi ya fundi. Hakuna tishio ndani yake, hakuna amri, hata salamu yako haikuitikiwa, na bado unajikuta umeshika ufunguo. Kutoka Amarillo hadi Dallas ni zaidi ya maili 350.

Na hizo dakika 20 za kutafuta pa kupaki usizichezee. Jua likizama vituo vya malori vinajaa, waliochelewa wanabanana kwenye mabega ya barabara na njia za kutokea. Kuhusu hili sina kejeli. Machi 2009 dereva wa jimbo la New York, Jason Rivenburg, alifika mapema na mzigo wake wa maziwa huko South Carolina. Hawakuwa tayari kumpokea, akaenda kupaki kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa ili alale. Aliuawa kwa risasi, na muuaji aliondoka na dola 7. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha kifungu kinachoitwa kwa jina lake, kuhusu uhaba wa maegesho salama ya malori. Uhaba bado upo.

Ukishapata pa kupaki, sheria imemaliza kazi yake. Inajua saa ulizokuwa nje ya kazi. Haijui kama ulilala. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Juni 2014, katika barabara ya New Jersey Turnpike, lori la Walmart liligonga gari lililombeba mchekeshaji Tracy Morgan na wenzake. Mmoja wao, James McNair, alikufa, Morgan akatoka na majeraha makubwa. Dereva alikuwa bado ndani ya saa zake 14. Ila kabla ya kuripoti kazini alikuwa ameendesha gari lake kutoka Georgia mpaka Delaware, na wachunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa usafirishaji, walibaini alikuwa macho kwa zaidi ya saa 28. Lori lilikuwa likienda maili 65 kwa saa mahali palipowekewa 45. Kikomo cha saa 14 hakikuwa kimevukwa.

Fanya hesabu ndogo. CDC, taasisi ya afya ya Marekani, inasema mtu aliyekaa macho saa 17 hupungukiwa kama mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Dereva wa lori hukamatwa kwa 0.04. Basi amka saa 11 alfajiri, piga simu nyumbani, oga, anza kazi saa 2 asubuhi, endesha saa zako 11, ngoja ghalani, funga saa 4 usiku dirisha lako la 14 linapofungwa. Hukuvunja hata nukta. Uko macho kwa saa 17. Ungekuwa umekunywa bia badala ya kutii sheria, ungekuwa mahabusu.

Sheria basi haikulazi. Hata hivyo, kisanduku unachokitukana ndicho pekee katika biashara nzima kisichohitaji maili zako. Ghala linataka mzigo, dalali anataka saa ya kufika, tajiri anataka marejesho ya mkopo wa lori, wewe mwenyewe unataka karo ya mdogo wako kule Kigoma. Kisanduku hakina mkopo, hakina mdogo. Kikisema basi, kimesema kwa niaba yako, na kijana aliyefika juzi asiyeweza kumkatalia kaka yake anaweza kumwonyesha skrini.

Skrini isipotosha, ipo kanuni ya kulazimishwa, inayotumika tangu Januari 2016. Inamkataza mwenye lori, mwenye mzigo, mpokeaji na dalali kumtishia dereva kwa kazi au mizigo anapokataa kuvunja saa. Inakutaka kitu kimoja: umwambie mhusika ni kanuni gani itavunjwa. Usimjibu kwa sauti, mwandikie: “Kaka, nikiendelea nitavuka saa 11. Napaki hapa, nitaanza nikimaliza saa 10.” Maneno hayo hayana matusi wala kiburi, na yana tarehe.

Akijibu kwamba basi usitafute tena mzigo kwake, malalamiko ya kulazimishwa yapelekwe FMCSA ndani ya siku 90. Akikufukuza au kukukata malipo kwa sababu hiyo, OSHA, mamlaka ya usalama kazini, inapokea madai ndani ya siku 180. Ile sauti ya WhatsApp usiifute, hata kama aliyeituma ndiye aliyekupokea uwanja wa ndege.